Jinsi ya kufungasha samaki wa mnada wa klabu: kutoka tangini hadi mezani kwa dalali

Wapenzi watazamaji, karibuni tena kwenye chumba cha matangi. Leo ni Ijumaa jioni hapa Ohio, na keshokutwa Jumapili klabu yetu ya wafuga samaki wa mapambo ina mnada wake wa Aprili. Ndugu zangu mnaoishi huku Marekani mmeniuliza sana: vifaranga vikijaa tangini, unavipeleka wapi? Unavipeleka mnadani. Basi leo nitafungasha mbele yenu, mwone kila kitu.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Wanachama wanaleta samaki waliowazalisha wenyewe, mimea ya majini, na vifaa ambavyo hawavitumii tena. Kila mfuko unapewa namba. Dalali anaunyanyua, watu wanaweka dau kwa kuinua kadi, anayefika juu anachukua. Muuzaji anapata sehemu yake, kwenye klabu nyingi ni asilimia 60 au 70, na inayobaki inalipia ukumbi na shughuli za klabu za mwaka mzima.

Sogea hapa kwenye kioo uwaone wa kwanza. Hawa weusi wenye madoadoa meupe ni watoto wa Tropheus duboisi. Wakikua madoadoa yote yatafutika, kichwa kitakuwa cha bluu na mwili utavaa mkanda mpana wa njano. Kwenye lebo yao pameandikwa Maswa. Si Maswa ya Simiyu, hii ni Maswa ya ufukweni, kusini mwa Kigoma, Ziwa Tanganyika. Mimi nimekulia Kigoma. Kwetu samaki alikuwa dagaa, mgebuka, na kuhe siku ya bahati. Hawa wa kwenye mawe tuliwaona tukiogelea, tukawapita. Sikujua kwamba ng'ambo kuna watu wanaowatambua kwa jina la mahali walipotoka, na wakishindwa kulijua jina hilo hawawanunui. Shika hilo, tutalirudia kwenye lebo.

Hatua ya kwanza: acha kuwalisha. Nimesema leo ni Ijumaa, mnada ni Jumapili. Hawa hawali tena kuanzia sasa hivi. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya mfuko, na uchafu wake, ile amonia, ndio unaoua wengi mifukoni. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki kwa siku moja au mbili bila chakula. Vifaranga wadogo kabisa, wale wa sentimita moja, wanyime nusu siku tu.

Hatua ya pili, lebo. Najua wengi mnaiacha hadi dakika ya mwisho, mlangoni pa ukumbi, mnaandikia juu ya goti. Msifanye hivyo. Andika leo, mezani, kwa maka peni isiyofutika na maji. Nataka uone ninavyoandika:

Tropheus duboisi, Maswa. Watoto 6, sentimita 3. F1. Walishwe mwani tu.

Tuanze na jina. Andika jina la kisayansi, kwa sababu majina ya madukani yanabadilika kila mji. Kisha mahali. Tropheus wana rangi kadhaa wa kadhaa, kila ghuba na kila rasi na rangi yake, na ukiwachanganya kwenye tangi moja wanazaana. Watoto wanatoka wakiwa wazuri wa macho, lakini si wa Maswa tena wala si wa popote. F1 maana yake wazazi wao walivuliwa ziwani. Hao ni kizazi cha kwanza kuzaliwa tangini. Kama hujui kizazi, usiandike. Mnunuzi atapanga ufugaji wake juu ya neno lako hilo moja.

Na maelezo ya chakula usiyaache. Tropheus ni mla mwani. Ukimpa minyoo na nyama, tumbo lake linavimba, na tangi zima linaweza kuisha kwa wiki moja. Anayenunua kwa mara ya kwanza hawezi kulijua hilo kwa kumtazama.

Njoo tangi la pili. Huyu dume mwekundu mgongoni, njano ubavuni, mistari myeusi imeshuka, ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere huyohuyo. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza walimwandika kisayansi mwaka 1985 na wakampa jina la Mwalimu. Ni furu wa Ziwa Victoria, anakaa kwenye miamba ya visiwani. Siku ya kwanza kuliona jina hilo kwenye mfuko wa plastiki, kwenye ukumbi uliojaa watu ambao hawajawahi kufika Mwanza, nilisimama nikalisoma mara mbili, nikamnunua.

Mnajua yaliyowapata furu. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Zipo ambazo leo zinaishi kwenye matangi ya wafugaji huku ziwani hazionekani tena. Sasa fikiri: jike wa furu wa aina moja anafanana sana na jike wa aina nyingine. Madume ndio wenye rangi. Ukiweka aina mbili pamoja, kisha ukamfungasha jike ukaandika unavyokisia, umeharibu ukoo ambao huenda hakuna pa kuupata upya. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mfuko ulioandikwa "siklidi wa Afrika, mchanganyiko". Siklidi ndio jamii ya furu na Tropheus. Walikua wakawa wazuri mno, na sikuweza kumpa mtu hata mtoto wao mmoja. Kwa hiyo aina moja ya furu, tangi moja. Huna hakika ya jike? Andika "jike, aina haina hakika". Bei itashuka kidogo, na ishuke.

Hatua ya tatu yenyewe ni ya Jumapili alfajiri, leo nawaonyesha tu: maji na mifuko. Teka maji ya kufungashia kutoka tangini kabla hujaingiza wavu, wakati bado ni meupe. Ukishaanza kuwafukuza samaki, uchafu wa chini unatibuka, na hayo si maji ya kusafiria.

Mfuko uwe ule mnene wa duka la samaki wa mapambo. Mifuko ya zipu ya kuhifadhia chakula inavuja, na klabu nyingi zinaikataa mlangoni. Tazama mkono wangu. Maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Watu wanajaza maji wakidhani wanamsaidia samaki, kumbe anachohitaji ni hewa ya juu ya maji. Wala usipulize kwa mdomo, pumzi yako imekwisha kutumika. Tanua mdomo wa mfuko, uvute hewani kwa kasi hivi, ukamate shingo, uisokote mpaka mfuko uwe mgumu kama mpira, kisha raba bendi mbili. Halafu unauingiza kwenye mfuko wa pili, ukiwa umepinduliwa, fundo likitazama chini. Sababu ni pembe. Mfuko mmoja una pembe mbili kali chini, samaki mdogo anajibana humo na kufa. Ukiupindua, pembe zinapotea. Lebo inakaa nje, sehemu kavu ya juu, na unapitisha soltepu juu yake.

Watoto wa sentimita tatu, sita mfuko mmoja mkubwa. Dume mzima mkali, mfuko wake peke yake.

Kuna wawili wa kuangaliwa zaidi. Hawa wadogo ni Neolamprologus multifasciatus, wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Usimfungashe na kombe lake, litatoboa mfuko, na mnunuzi hatajua kama ndani kuna samaki au hamna. Lishike kombe mdomo ukitazama chini, linyanyue taratibu kutoka majini juu ya bakuli. Maji yakitoka na yeye anatoka. Usitikise kwa nguvu. Wa pili ni gogogo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na mvuvi yeyote wa ziwani anaijua. Mweke kwenye kopo gumu la plastiki lenye mfuniko. Kama huna, tandika magazeti mazito kati ya mfuko wa ndani na wa nje.

Mifuko yote inaingia kwenye deli. Hatuweki barafu, deli letu safari hii kazi yake ni kutunza joto. Aprili ya hapa bado ni baridi. Jaza nafasi tupu kwa taulo ili mifuko isigongane, funga mfuniko, gizani samaki anatulia.

Mimea ni rahisi zaidi. Anubias hii ilitoka Afrika ya Magharibi, ngumu kama mtu wa kazi. Karatasi iliyoloweshwa, mfuko wenye hewa, basi. Haihitaji maji mengi. Ila kagua kila jani kama kuna mayai ya konokono. Machi 2021 mipira ya mwani iliyokuwa ikiuzwa madukani Marekani ilikutwa na kome wadogo wenye milia, wale wanaoziba mabomba na kuharibu maziwa ya huku, ikabidi iteketezwe. Na gugumaji usilipeleke, hata kama ua lake linakuvutia. Majimbo kadhaa yanalikataza. Aliyewahi kuona mtumbwi umekwama kwenye gugumaji pale Kisumu au Mwanza hahitaji kuambiwa mara mbili.

Nina mfuko mmoja ambao hauna samaki wa kuonekana. Humu mna mboji yenye unyevu, na ndani yake mayai ya Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja. Kwao anaishi kwenye madimbwi yanayokauka kiangazi. Wazazi wanakufa, mayai yanasubiri ardhini. Mayai haya yanahitaji kama miezi 3 kabla ya kulowekwa. Hivyo kwenye lebo tarehe ya kukusanya ndiyo kila kitu. Bila tarehe umeuza udongo.

Vifaa nitavipitia haraka. Pampu na hita, zijaribu nyumbani kwanza. Tangi lijaze maji, liache usiku kucha juu ya karatasi kavu, asubuhi utazame karatasi. Kama linavuja, andika LINAVUJA kwa herufi kubwa. Atapatikana wa kufugia mijusi.

Sasa ukumbini. Fika mapema, jiandikishe, utapewa msimbo wako wa muuzaji na kadi ya mnunuzi yenye namba. Panga mifuko mezani kwa kundi. Bei ya kuanzia iwe ndogo, dola mbili au tatu. Watu wakishaanza kushindana bei inapanda yenyewe, lakini ukianza na ishirini ukumbi unanyamaza. Watoto wa Tropheus waombe wauzwe mifuko miwili kwa mkupuo. Wakiwa wachache wanauana, wakiwa kumi na zaidi ugomvi unagawanyika.

Ukinunua, na wewe utanunua tu, jiwekee kikomo kwenye karatasi kabla dalali hajaanza. Anaongea mbio, Kiingereza chake kinaruka, usijisumbue kukamata kila neno. Sikiliza namba peke yake. Inua kadi uiache juu. Ikipita bei yako, ishushe. Mfuko ukiletwa kwako, utazame mara moja papo hapo: samaki amesimama sawa? Anahema taratibu? Lebo imeandikwa mahali alipotoka? Halafu deli, mfuniko.

Nyumbani usiku. Uwe na tangi la karantini tayari, dogo, lenye filta ya sponji, mbali na matangi mengine. Wiki nne wanakaa humo, hata kama aliyekuuzia ni rafiki yako. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, joto lilingane. Kuwadondoshea maji ya tangi mfukoni tone kwa tone saa nzima ili wayazoee, hapa hakufai. Mfuko uliokaa kutwa umejaa hewa chafu ya samaki, na hewa hiyo inashusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na kuitia amonia ganzi. Ukiufungua ukauacha, pH inapanda na amonia inaamka ikiwa na sumu kali. Kwa hiyo fungua, chukua wavu, mtoe samaki, mwingize tangini, maji ya mfuko mwaga kwenye sinki. Kwa samaki wa Tanganyika, hakikisha mapema kwamba tangi lako lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, pH 8 na kuendelea, maana ziwa lenyewe liko karibu na 9.

Lebo usiitupe na mfuko. Ikate kwa mkasi, ikaushe, ibandike kwenye kioo cha tangi, upande wa juu, ambapo hata mtoto wako akifungua taa atasoma: Maswa. Usiku huu zima taa. Kesho mchana uwape chakula kidogo sana, na uwatazame wanavyokula.