Uliza Wamekata Nini

Jamani, karibuni. Kabla hatujaanza, kijana mmoja kanionyesha tangazo la kompyuta ya bei poa. Herufi kubwa kuliko zote ni za gigahezi, kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Wamekata nini ili bei ishuke, hawasemi. Basi nitaanzia 1998.

Aprili mwaka ule Intel walitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron ya kwanza, megahezi 266. Ndani ilikuwa Pentium II ile ile, prosesa yao ya bei ya juu, ila ili bei ishuke waliinyofoa kache ya ngazi ya pili, ile akiba ya data inayokaa jirani na prosesa, yote. Mmewahi kumtazama fundi cherehani? Pini chache kazibana midomoni, nyingine zimo kwenye kikopo pembeni. Mnyang'anye kikopo, kila pini zikimwishia itabidi avuke barabara hadi dukani. Mkono wake ni mwepesi vile vile, lakini gauni haliishi. Kazi za ofisini zilisuasua hivyo hivyo. (Michezo haikuumia sana, tuseme kweli.)

Agosti ikaja Celeron 300A. Kache kilobaiti 128. Pentium II ilikuwa na 512. Ukisoma namba tu, unaipita. Lakini ile 512 ilikaa nje ya silikoni ya prosesa, ikienda nusu ya kasi yake. Hii 128 ilichongwa ndani, kasi kamili. Kikopo kidogo, ila kimekaa mapajani.

Hapo ndipo mafundi walipochangamka. Basi ya mazabodi, ile njia ya data kwenye bodi kuu ya kompyuta, ilipiga megahezi 66, prosesa ikazidisha mara 4.5, ikapata 300. Ukiipandisha basi hadi 100, unapata 450. Kuna waliofunika pini moja tu ya prosesa, B21, kwa selotepu au rangi ya kucha, mazabodi ikadanganyika, ikapandisha basi yenyewe! Prosesa ya dola 149 ikawa inakimbizana na Pentium II ya 450, iliyozinduliwa kwa dola 669. Si kila moja ilikubali, na kiwandani hawakukuahidi hilo.

Naam, dada wa pale nyuma? Ana steshenari, anauliza anunue ipi leo. Chukua mfano wa prosesa ya Athlon 3000G ya 2019, iliyozinduliwa kwa dola 49. Wamekata viini, zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, vimebaki 2, lakini sehemu ya kuchora picha za skrini imo humo humo, hununui kadi yake. Kuchapa barua na kutoa kopi za vyeti, inatosha. Kuhariri video za harusi, utalala dukani. Nenda na flashi yenye faili lako zito kabisa, lifungue pale pale, uhesabu sekunde. Muuzaji akikataa kukuwashia, hamia meza ya pili.