Foleni ya Kipande cha Ujenzi Haipimwi kwa Spidi

Wahandisi wenzangu, narudia neno ambalo baadhi yenu mmelichoka, kwa sababu makisio ya ucheleweshaji yanaletwa yakiwa na kosa lile lile.

Chukueni kipande cha kilomita 3 barabara ya Iringa. Upande mmoja umechimbwa, magari yanapokezana kwa bendera. Mtu anakaa ofisini na kikokotoo: mwendo ulikuwa 80, sasa 30, dakika mbili na ushei zimekuwa 6, anaandika ucheleweshaji wa dakika 4. Dakika 4! Kamwambie mama aliyepakia nyanya Ilula.

Foleni inazaliwa na zamu. Upande huu unaachiwa dakika 3, mnangoja dakika 6 gari la mwisho litoke, wa pili dakika 3, tena 6. Mzunguko ni dakika 18. Gari likiingia kila sekunde 3, ni 60 kwa zamu, yaani 200 kwa saa kila upande. Yakija 260 kwa saa upande mmoja? Kila saa yanabaki 60. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri yamelala 300, na wa mwisho atangoja dakika 90. Hata yanayokuja yakishuka hadi 150, mnapunguza 50 tu kwa saa. Foleni inaisha saa 3 usiku, mafundi wameshaoga wamelala!

Sasa chimbeni kilomita 1 badala ya 3. Kungoja gari la mwisho litoke kunakuwa dakika 2, mzunguko 10, magari 360 kwa saa. Wale 260 wanapita wote.

Najua mtaniambia, "Ongeza zamu iwe dakika 10." Sawa, kilomita 3 zile zitapitisha 375. Lakini aliyefungiwa bendera atangoja dakika 22, na madereva wetu mnawajua: basi litatanua kulia, la pili litafuata, na mkifungulia wa ng'ambo hawana pa kutokea. Hesabu yote imekufa hapo. Mkandarasi anayelalamika kuhamisha mitambo kila mara, gharama hiyo iwekwe kwenye mkataba tangu mwanzo, asiibebe msafiri.

Kazi ya usiku naiacha, muda umekwenda. Ila malori: kwenye mlima mkali wa Kitonga semi iliyopakia inapanda ikitambaa, sekunde 3 zangu hazifai pale. Nendeni na saa mkononi, simameni na mshika bendera, mhesabu wenyewe.