Gari la 1931 halina hata fyuzi moja: leo tunapiga waya upya

Mwakeye wanangu! Huku ndo kwanza kumekucha, najua nyie huko Kigoma saizi watu wanarudi toka sokoni Mwanga, basi salamu zipokeeni hivohivo. Karibuni tena gerejini kwangu Ohio, baridi lipo lakini hita inawaka, na leo mafundi umeme wa huko nyumbani ndo nawataka zaidi, wa magari, wa bajaji, hata nyie wa maboti pale Kibirizi, msiondoke.

Kwa wageni: hili gari nyuma yangu ni Ford Model A ya 1931, kupe, milango miwili. Ford walitoa karibu milioni 5 za aina hii ndo maana mpaka leo bodi bado zinaokotwa kwenye mabanda ya wakulima. Ilitoka kiwandani na injini ya silinda nne, nguvu ya farasi 40 basi. Sasa vijana wa California kuanzia miaka ya 30, na baada ya vita ndo ikashika moto kabisa, wakawa wanachukua Ford kuukuu kama hizi wanang'oa madigadi, wanang'oa bampa, wanatia injini yenye nguvu wanaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama pale Muroc. Hizo ndo hotrodi. Mi langu nimelitia V8 ya Chevrolet, yani injini ya silinda nane, lita 5.7, na wazee wa huku wenye imani kali wakiona Chevy ndani ya Ford wananuna, wanune tu, spea zake zipo kila duka.

Mjomba wangu wa Ujiji kila nikimpigia lazima aulize, we mtoto, hela zote hizo unazika kwenye chuma chakavu, si ununue Krauni kama wenzio? Mjomba shikamoo, lakini Liemba si uliipanda wewe? Ile meli iliundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa ikaja kwa makasha, ikafungwa hapohapo Kigoma. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ila kabla ya hapo wakazipaka injini grisi, 1924 ikaibuliwa, 1927 ikarudi mzigoni. Mtu wa Kigoma hawezi kuniambia mimi chuma cha zamani hakifai bana.

Haya, njooni na kamera huku ndani. Mnaona hili bati la mbele, juu ya magoti ya dereva? Hilo sio dashibodi tu, hilo lilitoka kiwandani likiwa ndo tangi la petroli. Ndio, petroli unaipakata. Hakuna pampu, mafuta yanashuka yenyewe mpaka kwenye kabureta, na geji ni boya linaelea humo ndani ya tangi unalisoma kwenye kidirisha. Sasa swichi ya kuwashia na geji ya ampea zimekaa palepale kwenye uso wa tangi, nyaya zake zinapita nyuma yake, na gari hili lilipotoka kiwandani halikuwa na fyuzi. Hata moja! Waya ukichubuka ukagusa bodi, hakuna kitu cha kuukata, unawaka mpaka betri iishe au gari liishe.

Alafu jamaa aliyekuwa nalo kabla yangu, sijui alimpa nani, taa za nyuma kaziunga kwa waya wa spika ya redio, ule mwembamba wa mistari miwili, maungio yote kazungushia tepu na tepu yenyewe imeyeyuka, ukishika inanata kama ulimbo. Nimetoa zote. Ukikuta gari lina nyaya za mafundi tofauti tofauti usiungeunge, toa zote uanze moja, maana utatafuta shoti leo, kesho inahamia kwingine. Na tangi nimelihamishia nyuma, hapo sikutaka hata ubishi.

Pia lilikuwa la volti 6, tena chanya ndo inakwenda kwenye bodi, yani athi chanya. Wazee wenye Landrover za zamani wanaijua hii, zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 nazo zilikuwa athi chanya japo zenyewe ni volti 12. Mi nimehamia volti 12 athi hasi kama magari ya kawaida. Faida yake hii hapa, taa ya wati 55 kwenye volti 12 inakula kama ampea 4.6, taa ya wati hizohizo ya volti 6 ingekula mara mbili, zaidi ya 9, ndo maana nyaya za magari ya volti 6 zilitakiwa ziwe nene vile. Ila ukihama usisahau balbu zote zibadilike, na koili pia, ukiacha ya volti 6 itachemka.

Fyuzi sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu hii tabia naijua, nimekulia humo. Fyuzi inakata, mtu anachukua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara anaizungushia anarudisha, gari linaondoka, kamaliza. We umemaliza kweli? Fyuzi haipo kulinda taa, ipo kulinda waya. Waya mwembamba wa taa ndogo unaupa fyuzi ndogo, waya mnene wa feni unaupa kubwa, na ukiona inakata kila siku ujue kuna mahali panavuja, kutia fyuzi kubwa zaidi ni kuhamisha moto toka kwenye fyuzi ya mia tano kwenda kwenye gari zima. Boksi langu nimeliweka chini ya kiti, watu wengi wanalificha mahali ambapo fyuzi ikikata usiku barabarani inabidi ulale chali na tochi mdomoni, sijui wanawaza nini.

Athi ndo ugonjwa namba moja wa hizi gari. Umeme hauna mwisho wa reli, ukishafika kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi ndo watu wanaidharau. Unakuta waya wa kwenda ni mpya unang'aa, wa kurudi umefungwa kwa bolti juu ya rangi na kutu. Ukiwasha indiketa na taa ya breki inapepesa nayo, au taa zinafifia ukikanyaga breki, nenda kwenye athi kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Nimefanya hivi: betri kwenda chesisi waya mnene, injini kwenda chesisi mwingine mnene maana injini imekalia mipira, bila huo waya stata itatafuta njia yake hata kwenye kebo ya mafuta, alafu bodi kwenda chesisi. Kila sehemu nimekwangua rangi mpaka chuma cheupe kikatoka.

Na kuna hotrodi nyingi siku hizi bodi sio bati, ni faiba, hiyo haipitishi umeme kabisa kwaiyo kila taa lazima ipelekewe waya wake wa kurudi. Hapa vijana wa Kibirizi mnanizidi, nyie mnaofunga taa za dagaa kwenye mitumbwi, mbao haina athi, mmezoea nyaya mbili kila taa. Mkija huku na kazi hiyohiyo mnalipwa kwa saa, mi nawaambia.

Feni ya rejeta na taa kubwa zote nimezipitisha kwenye rilei, yani swichi inayowashwa na umeme, na miguu yake ina namba. 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye feni, 85 na 86 ndo za koili ya ndani ya rilei, moja swichi moja athi. Swichi inabeba umeme kidogo tu, mzigo wote unabebwa na rilei. Hata uichomoe kwenye Noa iliyokufa inafanya kazi, ila namba zake zinaweza kuwa tofauti.

Kwenye maungio watu wanagombana sana huku, lehemu au kubana. Mi nabana kwa koleo lake, alafu navalisha kile kimpira kinachosinyaa kwa moto. Lehemu inaufanya waya ukakamae, na mahali lehemu inapoishia ndo unapokatikia gari likitetemeka, na V8 hii inatetemeka, nyie subirini.

Geji ya mafuta fasta: tangi jipya lina boya la umeme, na geji lazima ziendane nalo. Za Ford zamani tangi tupu ukinzani wa boya ni omu kama 73 na likijaa 10, za GM, wenye Chevrolet, ni kinyume, sifuri tupu, 90 limejaa. Ukizichanganya unasoma tangi limejaa kumbe unasukuma.

Sasa kabla sijafunga betri. Nachukua balbu ya breki, wati 21, naiweka kati ya hasi ya betri na waya wa athi, swichi zote zimezimwa. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti mahali, hakuna kitu kitaungua kwasababu balbu inaubana umeme, unakwenda unachomoa fyuzi mojamoja mpaka izime, hapo umemkamata. Haya ona... haijawaka. Kimya. Nawasha taa ndogo... eeh, balbu imewaka kidogo na taa za nyuma zinawaka kwa mbali, ndo inavotakiwa. Sasa natoa balbu nafunga betri yenyewe, taa kubwa, hizo hapo! Indiketa kushoto, kulia. Honi ngoja niache jirani bado amelala.

Video ijayo tunaishtua injini. We mwenye Landrover ya zamani huko Kasulu au Ujiji, fungua boneti, rekodi hizo nyaya zako unitumie nizione, hata kama ni aibu, na mwenye karatasi ya sigara kwenye fyuzi aitoe leoleo kabla hajanitumia.