Nani Kalipa Mbuzi?

ANETH: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Moshi, na baridi ya leo imenifanya nikae na kitenge begani humu humu tunamorekodia. Mlima hauonekani, mawingu yamekaa tu. Niko na Godlisten, mweka hazina wa kudumu wa kamati yetu.

GODLISTEN: Wa kudumu kwa sababu hakuna mwingine anayeutaka huo mzigo.

ANETH: Leo tunaongelea ile nyama choma ya tuliosoma pamoja. Wenzetu walioko nje wanaiita nyama choma ya kiangazi. Sasa Mangi, kiangazi gani, Julai, Moshi?

GODLISTEN: Cha kwao bwana! Wanafuata likizo za watoto. Uingereza shule nyingi zinafungwa Julai ikiwa inaelekea mwisho. Marekani wameshafunga siku nyingi, lakini Agosti haijafika mbali, majimbo mengine watoto wamerudi darasani. Ujerumani ndiyo usiseme, kila jimbo na tarehe zake. Ukitafuta siku ambayo wote wana nafasi unabaki na kipande kidogo, mwisho wa Julai kuingia Agosti. Na hapo tiketi za ndege za kushukia KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ziko juu, maana ndio msimu wa wapanda mlima.

ANETH: Si wangefanya Nane Nane? Ni sikukuu, sisi wa hapa hatuombi ruhusa kwa mtu.

GODLISTEN: Nililiweka hilo kwenye grupu. Mmoja wa Marekani akajibu tarehe 8 atakuwa angani anarudi. Likafa.

ANETH: Likafa tu? Nani aliliua?

GODLISTEN: Ndiyo hapo sasa. Mwaka jana watatu walioko nje waliandika, "Nyie wa nyumbani msihangaike, tunalipa kila kitu." Mbuzi, vinywaji, turubai, muziki. Grupu zima likajaa vimikono vya makofi. Lakini anayelipa ndiye anayepanga. Tarehe yao, saa yao, na hotelini, si nyumbani kwa mtu.

ANETH: Mi sioni ubaya. Wana hela, waache watoe. Wewe harusi yako hukuchangiwa?

GODLISTEN: Nilichangiwa na kila mtu, dada. Hata bibi wa jirani alileta elfu mbili yake na akaandikwa kwenye daftari. Hii ya mwaka jana hakuna daftari. Nikuulize, nani hakuja?

ANETH: Mh. Mwalimu wetu wa Rombo.

GODLISTEN: Mwalimu wa Rombo hakuja. Fundi wa Majengo hakuja, na mimi napishana naye karibu kila asubuhi. Nikamuuliza, akasema, "Siwezi kwenda kula cha mtu halafu nikae nimsikilize anahutubia."

ANETH: Na hotuba zilikuwepo kweli, jamani. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imesimama mezani na majani mdomoni, mafuta yameshaganda, mtu bado anatueleza alivyoanza maisha Uingereza akiosha vyombo.

GODLISTEN: Kwa hiyo mwaka huu nimesimama kidete. Elfu hamsini kila kichwa. Uwe Houston, uwe Kiboriloni. Unaweza kulipa kidogo kidogo. Huna hela, leta mkungu wa ndizi, leta mchele, tunaupiga bei ya sokoni na jina lako linaingia kwenye daftari kama la wengine. Mwalimu wa Rombo ameshasema ndizi zote za siku ile ni zake.

ANETH: Na anayetaka kutoa zaidi?

GODLISTEN: Apeleke shuleni. Kuna madawati, kuna mabati, kuna vyoo vya mabweni. Ampelekee mkuu wa shule, apewe risiti, yaishe. Asituletee kwenye mbuzi.

ANETH: Sasa ngoja nikubane. Elfu hamsini ni kama dola ishirini. Huyo wa Houston ameshamwaga mamilioni kwenye tiketi, yeye, mke na watoto. Na yule aliyechukua uraia wa huko, mwaka jana alilipa dola 100 za viza. Mtoto wa Kibosho! Analipia kuingia kwao! Halafu unamwambia mko sawa?

GODLISTEN: Hiyo ya viza iliniuma hata mimi. Sheria yetu uraia ni mmoja ukishakuwa mtu mzima, ukichukua wa wenzetu umeuacha huu. Alisimama kwenye foleni na watalii wenye mabuti ya kupandia mlima.

ANETH: Basi angalau tarehe wachague wao. Wanakuja mbali.

GODLISTEN: Tarehe nimewaachia. Mbuzi ni wetu sote.

ANETH: Haya, sasa tuje kwenye chakula, maana huko kwao ukialikwa choma unaweza kuambiwa ubebe nyama yako mwenyewe. Mmoja aliniambia Ujerumani alienda na soseji zake kwenye mfuko, akaweka jikoni, na akawa anazilinda zisichanganywe na za mtu.

GODLISTEN: (anacheka) Sisi safari hii hakuna hoteli. Tunafanya kwenye shamba la mmoja wetu kule Uru. Mbuzi wanachinjwa alfajiri, wananing'inizwa wachuje. Chumvi tu na ndimu, mambo ya kuloweka kwenye masosi sitaki. Na mkaa usubiriwe mpaka upate jivu juu, usiwe unawaka miali. Mbavu zinawahi, hizo ni za wanaozunguka jiko na kisu mkononi. Mguu una heshima yake. Ukiuharakisha, nje mweusi, ukifika kwenye mfupa damu.

ANETH: Na pombe yetu, mbege?

GODLISTEN: Mama wa pale pale Uru ameshapewa oda, ndizi anazo, ulezi tunanunua sisi. Hiyo haitaki haraka, lazima aanze siku kadhaa kabla.

ANETH: Na kisusio?

GODLISTEN: Asubuhi, ya moto. Ukija saa saba na miwani yako ya jua, utakuta sufuria limeoshwa.

ANETH: Na watoto waliozaliwa huko wakiuliza ni supu ya nini?

GODLISTEN: Wanywe kwanza, baba zao watawaambia ni damu.

ANETH: Kamati inakwenda lini kuangalia mbuzi?

GODLISTEN: Michango ikifika nusu. Na tunakwenda watu watatu, mmoja akiwa wa nje aliyeshafika, aone bei kwa macho yake na asifungue mdomo. Wakisikia lafudhi, bei inapanda.

ANETH: Wasikilizaji, kama na nyie mna kamati za hivi, tuandikieni mnagawanaje. Godlisten, kabla hatujafunga, wangapi wameshalipa?

GODLISTEN: Wa Houston amelipa. Fundi wa Majengo amelipa nusu. Mwenyekiti amelipa. Wewe bado.

ANETH: Hilo tutalikata wakati wa kuhariri.