Nasaba ya Mustang ya Kijani: Kumiliki na Kuthibitisha Gari Lililotumika katika Filamu

Mwenyekiti wa kikao, mafundi, watunza kumbukumbu, na nyote mnaopenda magari ya kale,

Nimeombwa nizungumzie umiliki wa gari la kale lililotumika katika filamu, na hasa namna ya kuifuatilia historia yake mpaka dai la mwenye gari lithibitike au lianguke. Sitatawanya maneno kwenye magari mengi. Nitashika mfano mmoja, wa Mustang ya kijani, gari la kampuni ya Ford, ambayo mwigizaji wa Marekani Steve McQueen aliiendesha katika filamu ya kipolisi ya Bullitt, kwa kuwa mfano huo una bahati ambayo watafiti huipata kwa nadra: magari pacha yaliyotoka kiwandani yakifuatana, yakafanya kazi moja, yakatengana kwa takriban miaka hamsini, kisha kila moja likathibitishwa kwa njia yake. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba gari la namna hii huthibitishwa zaidi na yale ambayo wamiliki wake hawakuyagusa, na kwa hiyo wajibu wa kwanza wa anayelimiliki ni kujizuia.

Filamu yenyewe ilipigwa San Francisco mwaka 1968 chini ya mwongozaji Peter Yates, ikaanza kuonyeshwa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Wengi wanaikumbuka kwa dakika zake kumi na kitu za kufukuzana katika vilima vya mji ule, kazi iliyomletea mhariri Frank P. Keller tuzo ya Oscar. Dodge Charger nyeusi, gari la wauaji wanaofukuzwa katika hadithi hiyo, iliendeshwa na Bill Hickman. Kwa upande wa McQueen, kampuni ya Warner Bros. ilichukua Mustang GT mbili za mwaka 1968, za bodi ile ambayo paa lake linateremka moja kwa moja hadi nyuma, zenye injini ya silinda nane na ujazo wa inchi 390, yaani takriban lita 6.4. Zilikuwa miongoni mwa magari ya nguvu ya Kimarekani ya wakati ule, yaliyouzwa kwa kijana yeyote aliyekuwa na mshahara wa kutosha. Hazikutengenezwa kwa ajili ya sinema.

Kutoka dukani moja kwa moja, magari yale yasingehimili kuruka vilima vya San Francisco. Alipewa Max Balchowsky, fundi na dereva wa magari ya mashindano wa California, akayakaza miguu, yaani springi na shokomzoba, na kuziimarisha zile sehemu za bodi ambamo ncha za juu za shokomzoba za mbele hushikiliwa. Taa za ukungu zilizokuwa kwenye grili ziliondolewa pamoja na nembo, na rimu zikabadilishwa. Moja likapewa adhabu ya kuruka na kugongwa, na la pili likatumika kwa picha za karibu ambamo McQueen mwenyewe anaonekana akishika usukani. Naomba mzitunze akilini kazi hizi za Balchowsky, kwa maana nitazirudia. Kwa fundi yule zilikuwa kazi za kawaida za gereji, lakini kwetu leo zimegeuka kuwa saini.

Sasa tuzitazame namba. Gari la picha za karibu lina namba 8R02S125559, na pacha wake aliyerushwarushwa ana namba inayoishia na 558. Namba hiyo inasomeka kipande kwa kipande. Tarakimu ya kwanza, 8, ni mwaka wa modeli, yaani 1968. Herufi R ni kiwanda cha Ford cha San Jose, California. Tarakimu 02 ni ile bodi yenye paa linaloteremka, herufi S ni injini ya 390, na tarakimu sita za mwisho ni nafasi ya gari katika mfululizo wa uzalishaji. Kwa hiyo mtu akileta Mustang yenye rangi ile ile ya kijani, na akasimulia hadithi ndefu ya kuvutia kuhusu mjomba wake aliyefanya kazi Hollywood, hatuna haja ya kubishana naye kuhusu mjomba: tunasoma namba, na ikiwa alama ya tano katika namba hiyo si herufi S, gari hilo halikutoka kiwandani na injini ile. Kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia mwaka 1967 ziko chini ya leseni ya mtafiti Kevin Marti, ambaye hutoa ripoti kwa kila namba, ikieleza gari lilijengwa lini, lilipelekwa kwa muuzaji gani, na liliagizwa na vikorokoro gani.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kibati cha namba kinachoonekana kupitia kioo cha mbele kinaweza kung'olewa na kupachikwa kwenye gari jingine. Mustang za miaka ile zina namba zilizogongwa pia kwenye bati lenyewe la bodi, ndani ya boneti karibu na madigadi, mahali ambapo mtu hafiki bila kufungua nati. Mkaguzi mwangalifu hufungua. Anatazama kama herufi zimekaa kwa umbo na nafasi ya mashine ya kiwanda, na kama bati linalozunguka namba lina alama za kukatwa na kuchomelewa upya. Muuzaji anayekataa madigadi yafunguliwe, binafsi namwona kuwa amekwisha kujibu swali.

Baada ya namba ndipo tunaifuata nasaba yenyewe, yaani mikono ambayo gari limepitia. Gari 559, kazi ya filamu ilipokwisha, lilinunuliwa na mfanyakazi mmoja wa Warner Bros. Mwaka 1970 likaenda kwa afisa mpelelezi wa polisi wa New Jersey, upande wa pili wa Marekani. Mwaka 1974 huyo mpelelezi akalitangaza katika gazeti la magari, na mkazi mwingine wa jimbo lile akalinunua kwa dola 6,000. Mnunuzi huyu ndiye moyo wa hadithi yetu, kwa sababu hakulifungia kama kito. Lilikuwa gari la nyumbani. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, aliliendesha kwenda shuleni na kurudi, na gari lile lile lililopanda vilima vya San Francisco likawa linasimama katika maegesho ya walimu. Mwaka 1980, likiwa limetembea takriban maili 65,000, klachi ikaisha, likawekwa pembeni, na likabaki pembeni kwa miongo kadhaa, likihama na familia kila ilipohama, hadi Tennessee.

Kabla halijawekwa pembeni, lilitokea jambo ambalo mtunza kumbukumbu yeyote angelitamani. Desemba 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kwa mwenye gari akiomba auziwe. Alieleza kuwa anataka kulitunza kama lilivyo, na kwamba yuko tayari kumtafutia mwenye gari Mustang nyingine ya kufanana nalo, ilimradi bei isiwe kubwa mno. Mwenye gari hakuuza. Lakini barua ile hakuitupa, na sisi tunaofuatilia historia tuna deni kwake kwa hilo. Tafakarini uzito wake: mtu aliyeendesha gari ndani ya filamu anamtaja mmiliki, kwa maandishi yenye tarehe, miaka tisa tu baada ya filamu kutoka, wakati ambapo hakukuwa na faida kubwa kwa yeyote kughushi. Hati inayoandikwa kabla kitu hakijapata thamani kubwa ina nguvu ambayo kiapo cha leo mbele ya wakili hakiwezi kuifikia.

Mwenye gari alifariki mwaka 2014. Mwanawe akaamua kuliamsha, na uamuzi alioufanya ndio ninaouheshimu kuliko mengine yote katika mkasa huu. Alitengeneza kile kinacholifanya gari litembee, injini na mitambo, lakini bodi hakuigusa. Rangi iliyofifia aliiacha, kutu aliiacha, michubuko aliiacha. Januari 14, 2018, katika maonyesho ya magari ya Detroit, gari likapandishwa jukwaani mbele ya watu likiwa na sura ile ile ya uchakavu. Mtu asiyejua angedhani mwenyewe ameshindwa kulipia rangi.

Wakaguzi walipoinama chini ya gari wakakuta, chini ya vizingiti vya milango, vipande vya mabomba ya chuma vikiwa bado vimechomelewa kwenye bodi. Hivyo ndivyo vishikio vya kamera za mwaka 1968. Laiti gari lingepelekwa katika karakana ya kifahari miaka ya 1980, enzi ambayo kila gari la kale lilirudishwa kwenye upya wa kung'aa, fundi hodari angeviona vipande vile kuwa takataka za fundi aliyemtangulia. Angevikata na kusaga sehemu ile mpaka iwe laini, kisha angepaka rangi juu yake, na mwenye gari angemshukuru na kumlipa. Gari lingependeza zaidi, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ingekuwa imefagiliwa sakafuni pamoja na unga wa chuma.

Gari 558 linatupa upande wa pili. Kwa miongo mingi ilisadikika kuwa lilikatwa chuma chakavu, kwa kuwa liliumia sana katika kazi. Kumbe bodi yake ilifika Mexico, katika rasi ya Baja California, na ikaokotwa huko na watu waliotaka kuitumia kutengenezea nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabisa. Namba ilipochunguzwa, kazi ikasimamishwa, na Marti akaenda kulikagua mwenyewe. Uthibitisho ukatangazwa mwaka 2017. Hapa hapakuwa na barua ya mwigizaji, wala familia iliyotunza hati kwa miaka arobaini. Palikuwa na namba, na palikuwa na bati: zile sehemu za shokomzoba zilizoimarishwa, na matundu yaliyotobolewa kwenye buti kwa ajili ya nyaya za vifaa vya kupigia picha. Zile saini za Balchowsky nilizowaomba mzitunze akilini ndizo zilizolitolea ushahidi gari lisilo na msemaji.

Mtu anaweza kuuliza ni ushahidi upi bora, wa hati au wa bati. Mimi nasema nasaba ya 559 ni imara zaidi kwa sababu aina zote mbili zinakutana na kila moja inaikagua nyenzake: hati zinaeleza gari lilikuwa wapi mwaka gani, na bati linaeleza lilifanyiwa nini. Kwa 558 tunajua mwanzo na tunajua mwisho, lakini katikati kuna pengo refu. Pengo hilo halibatilishi uthibitisho, ila linapaswa kuandikwa wazi katika kila maelezo ya gari hilo, badala ya kujazwa na masimulizi ya kubuni.

Niguse kwa kifupi hali ambapo magari ni mengi. Tamthilia ya televisheni The Dukes of Hazzard, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1979 hadi 1985, ilitumia Dodge Charger za rangi ya machungwa zaidi ya 300. Kwa gari la kundi hilo, dai la kwamba lilikuwa kwenye tamthilia halina maana kubwa. Swali ni lilikuwa kwenye sehemu gani, na katika tukio lipi. Gari la kwanza kabisa kurushwa, Novemba 1978 huko Georgia, liliharibika, likatupwa, likaokotwa baadaye na kutengenezwa, na mwaka 2012 likauzwa kwa dola 110,000, kwa sababu mruko wake mmoja ulijulikana na uliweza kuonyeshwa.

Kuhusu fedha, Mustang 559 iliuzwa mnadani huko Kissimmee, Florida, Januari 10, 2020, kwa dola milioni 3.4, na pamoja na ada ya mnada ikawa milioni 3.74. Bei hiyo imewavuta watu wengi kwenye biashara hii, na miongoni mwao wapo wanaoamini kuwa rangi mpya huongeza thamani. Kwa gari la kawaida huenda ni kweli. Kwa gari la filamu, mnunuzi analipia uhusiano kati ya bati hili na picha ile, na kila kinachofuta alama za uhusiano huo kinapunguza alichokinunua. Aelewe pia kwamba analonunua ni gari. Picha za filamu na jina lake vinabaki kwa wenye haki zake, na kulitumia jina hilo kibiashara ni mazungumzo mengine na watu wengine.

Kwa hiyo ninayemshauri amiliki gari la namna hii namwambia apige picha kila sehemu kabla fundi hajashika spana, hasa chini ya gari, ndani ya buti na nyuma ya dashibodi. Kutu izuiwe isiendelee kula, bila kufichwa. Kifaa kinacholazimika kubadilishwa kiwekwe kwenye kisanduku chenye maandishi ya tarehe na sababu, kisitupwe hata kama kimekufa kabisa, kwa kuwa klachi iliyoisha mwaka 1980 nayo ni sehemu ya masimulizi. Stakabadhi zote zihifadhiwe, hata za kubadilisha oili, kwani zinaonyesha gari lilikuwa mji gani na mikononi mwa nani.

Na hati zisikae ndani ya gari wala nyumba moja na gari. Mustang 559 imeorodheshwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, ikapimwa na kupigwa picha kwa kina, na kumbukumbu zake zikakabidhiwa Maktaba ya Bunge huko Washington. Ambaye hana mlango wa maktaba ya namna hiyo anaweza kuweka nakala kwa wakili, katika benki, au kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine, na kuiongezea karatasi mpya kila mwaka gari linapofanyiwa lolote.