Solo Peke Yake Haitoshi: Kuunganisha Sauti kwenye Mikisa

Habari za asubuhi. Sogeeni karibu na mikisa, meza hii ya kuchanganyia sauti, kila mtu aone vitufe.

Neno moja tuliweke sawa kwanza. Kwenye dansi, solo ni gita. Hapa solo ni kitufe kidogo kando ya feda, kile kidude cha kuteleza kinachopandisha na kushusha sauti; kinakuwezesha kusikia chaneli moja, yaani njia ya sauti moja, bila nyingine. Leo tunacho besi iliyorekodiwa kwa njia mbili kwa mpigo mmoja: chaneli ya 5 ni waya kutoka kwenye gita kupitia boksi la DI, linalounganisha gita moja kwa moja na mikisa, ya 6 ni maikrofoni iliyosimama mita 1 mbele ya spika.

Nabonyeza solo ya 5. Besi safi, nzito. Naiachia, nabonyeza ya 6. Ina mkwaruzo mtamu. Sasa zote mbili pamoja. Mmesikia? Uzito umeondoka. Kila moja ilikuwa nzuri peke yake, zilipokutana zikaanza kulana.

Sababu ni hewa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde 1. Kwa mita 1, maikrofoni inachelewa karibu milisekunde 3 nyuma ya waya. Kwenye hezi 170 hivi, ucheleweshaji huo ni nusu ya mzunguko: wimbi moja linasukuma, jingine linavuta. Wengi hapo hukimbilia ikwalaiza, vitufe vya kurekebisha besi na sauti za juu, na kuongeza besi kwenye chaneli zote mbili. Haisaidii, kwa sababu unachoongeza nacho kinafutana.

Fanyeni hivi. Solo zote mbili ziwake, sauti ziwe na nguvu sawa, sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa kuwa sauti moja. Bonyeza kitufe cha fezi cha chaneli ya 6, kile chenye duara lililokatwa na mstari, kisha baki upande wenye uzito zaidi. Lakini kitufe hicho hupindua wimbi juu chini tu, muda hakiugusi. Kama mnarekodi kwenye kompyuta, kuza picha ya mawimbi, sogeza treki ya maikrofoni iwahi kwa zile milisekunde 3 hadi vilele vilingane na vya waya, halafu jaribu fezi upya.

Solo zenyewe ziko za aina tatu. PFL husikiliza kabla ya feda: tumia kupanga geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia kwenye mikisa, na kuwinda miungurumo. AFL husikiliza baada ya feda. Hizo mbili zinaishia kwenye spika zako au hedifoni. Ya tatu, solo ya papo hapo, huzima chaneli nyingine zote kwenye mchanganyo wenyewe. Ukiigusa katikati ya onyesho, ukumbi mzima unabaki na kinanda kimoja! Kabla ya kuitumia studio, ziwekee kinga chaneli za kurudisha mwangwi ili solo isizizime, la sivyo sauti unayoisikiliza itabaki kavu na utaihukumu vibaya.

Tuje kwenye kundi, yaani njia inayokusanya chaneli kadhaa chini ya feda moja. Waitikiaji wanne, chaneli za 9 hadi 12, tunawapeleka kundi la 1 na la 2. Bonyeza kitufe cha 1-2 kwenye kila chaneli; pani, kitufe cha kugawa sauti kushoto na kulia, ukiipeleka kushoto sauti inakwenda kundi la 1, kulia la 2. Sauti nne tofauti zenye nguvu sawa, zikikutana sehemu moja, hupanda desibeli 6 hivi. Taa nyekundu ya kuonya kwamba sauti imezidi ikiwaka, msishushe feda ya kundi. Kwenye mikisa ya analogi sauti hujumlishwa kabla ya kufika kwenye feda hiyo, kwa hiyo utapata uchafu uleule, ila mdogo. Shusha feda za 9 hadi 12.

Kosa ninalotaka mlikague kila mara ni hili: chaneli imepelekwa kundini, na kitufe cha njia kuu, kinachoipeleka moja kwa moja kwenye spika bila kupita kundini, kimeachwa kimebonyezwa. Waitikiaji wanafika mara mbili, na kompresa ya kundi, kifaa kinachobana sauti kubwa, inaonekana kama haifanyi kazi. Kipimo chake ni sekunde 5. Shusha feda za kundi la 1 na la 2 hadi chini kabisa, cheza kibwagizo. Ukiwasikia bado, angalia vitufe vya 9 hadi 12 kimoja kimoja. Kuna ambacho hakijaachiwa.