Stara Bila Kizingiti: Simu, Sheria na Uhuru wa Mtu
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh wetu, walimu wa skuli, masheha mliofika, wazee wangu na vijana: nimeombwa nizungumzie teknolojia mpya na maswali inayoyaleta katika sheria na katika uhuru wa mtu. Kwa kuwa mada ni pana na mchana ni mfupi, nitakaa na jambo moja ndani yake, nalo ni stara. Katiba zetu hutumia neno faragha, na mawakili tumelizoea, lakini majumbani mwetu tunasema stara, na maneno haya mawili hayalingani. Faragha ni haki ya mwenye nayo, aidai akitaka. Stara inamfunga hata anayeona: ukipita ukaukuta mlango wa jirani uko wazi, hakuna mzee atakayekwambia kwamba umeruhusiwa kuchungulia kwa sababu mwenyewe hakuufunga. Utaambiwa inamisha macho, upite.

Nyumba za kwetu zimejengwa juu ya fikra hiyo. Baraza iko nje, na yeyote ana pahala pake hapo. Mgeni hukomea ukumbini. Uani ni kwa wenyewe. Anayetaka kuvuka kizingiti hupiga hodi, tena hadi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kununa. Amri ya kuomba ruhusa imo katika Suratun Nur, aya ya 27, na katazo la kupelelezana limo katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Sheria za Kiingereza zilizokuja baadaye zilikuta jambo hili lipo, na zenyewe zikalilinda kwa njia yao, kwa hati ya upekuzi na kosa la kuingia kwa jinai. Angalieni basi kwamba ulinzi wote huu, wa dini, wa mila na wa mahakama, ulisimama mlangoni.

Sasa ingia ndani ya simu ya mtu wa kawaida, mvuvi wa Wesha au mwalimu wa Micheweni. Humo mna barua zake, picha za mkewe na watoto, akiba yake ya fedha, majibu yake ya hospitali, na alama za kila alikopita tangu asubuhi. Nyumba nzima imetiwa mfukoni ikapanda boti kwenda Unguja, na kizingiti kimebaki Wete.

Marekani walilikuta swali hili mapema, na walivyohangaika nalo kunatufaa. Katika miaka ya 1920 mtu aitwaye Olmstead, mfanyabiashara wa pombe ya magendo huko Seattle, alinaswa kwa kusikilizwa simu zake. Maofisa hawakuingia nyumbani kwake hata hatua moja. Waliunga waya zao nje. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1928, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba, kwa kuwa hakuna aliyeingia ndani na hakuna kitu kilichochukuliwa, hapakuwa na upekuzi wowote. Kwa lugha yetu, hawakuvuka kizingiti, basi hawakuwa na haja ya hodi. Ilichukua miaka 39 kwa mahakama ile ile kugeuka. Mwaka 1967 ilikuja kesi ya Katz, mcheza kamari wa Los Angeles, ambaye wapelelezi walipachika chombo cha kunasia sauti nje ya kibanda cha simu cha barabarani alichokuwa akikitumia. Kibanda hakikuwa nyumba yake, na kilikuwa cha vioo, kila mpita njia akimwona. Mahakama ikasema Katiba inalinda watu, si mahali. Katz hakujificha macho ya watu alipoingia mle, alijificha masikio yao. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley, majaji wote tisa wakaongeza kwamba polisi akimkamata mtu hawezi kuifungua simu yake na kusoma yaliyomo bila hati ya mahakama, isipokuwa pana dharura ya kweli.

Sisi tumesimama wapi? Kwa maandishi, tumesimama vizuri. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, iliyoingia pamoja na haki nyengine mwaka 1984, inamhifadhi mtu nafsi yake, familia yake, maskani yake, na pia mawasiliano yake ya binafsi. Neno mawasiliano limo humo waziwazi, kwa hiyo hatukulazimika kungoja miaka 39 ili jaji alitafute. Katiba ya Zanzibar ya mwaka huo huo nayo inailinda faragha. Ugumu unaanzia katika fungu la pili la ibara ile, linaloitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hii yaweza kuingiliwa. Katiba imeufungua mlango kidogo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Visiwani, imeusukuma zaidi. Kwa sheria hiyo, mkuu wa kituo cha polisi akiridhika kwamba pana sababu ya msingi ya kushuku, anaweza yeye mwenyewe kutoa amri ya kuingia, kupekua na kuchukua kompyuta au simu. Hakimu si lazima aulizwe kwanza. Sisemi kwamba wakuu wa vituo ni watu wabaya. Nimefanya nao kazi, na wengi ni waungwana. Nasema kwamba hapo anayepiga hodi ndiye anayejiitikia karibu, na mpango wa namna hiyo haumfai hata mtu mwema.

Sheria hiyo hiyo inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Vijana wanaiogopa, na wana sababu, lakini wengi hawajui kwamba kosa halikamiliki mpaka ithibitike kuwa mtu alijua taarifa ni ya uongo na alikuwa na nia mbaya. Wakili anayekubali mteja wake akiri kosa kabla ya kuliuliza hilo amekula ada ya bure. Na siku za uchaguzi tumeona mamlaka ikitumia mkono mpana zaidi: Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, na Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tukiyataja haya watu hufikiria siasa peke yake. Mimi humfikiria pia mama aliyeko Konde na mtoto wake amelazwa Unguja, asiyejua kama daktari ameshapita.

Nirejee kwenye stara, maana hapa kwetu kuna ufa ambao Marekani hawanao. Posta na simu ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964, limo katika orodha ya mwanzo kabisa. Afya, elimu ya skuli, ardhi na usajili wa vizazi na vifo ni mambo ya Zanzibar. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ni sheria niliyoingojea kwa muda mrefu. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazitakia nini, asizitumie kwa jengine, na azilinde. Lakini sheria yenyewe inasema kwamba kwa Zanzibar haitatumika katika mambo yasiyo ya Muungano. Basi tazameni: mgonjwa anaandikwa katika faili la hospitali ya kisiwani, jambo la Zanzibar, muuguzi anaipiga picha karatasi ile na kuituma kwa simu, jambo la Muungano, picha inafika katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Aibu ya mgonjwa ni moja, lakini ukiniuliza ni sheria ipi ya kumlinda, itanibidi nikuulize tuanzie dakika ipi. Baraza la Wawakilishi lina uwezo wa kuuziba ufa huu kwa sheria yake lenyewe, na sijui hoja ya kisheria inayolizuia.

Si kila jambo linangoja Baraza. Mwaka jana nilitoa fedha kwa wakala mmoja, na mezani palikuwa na daftari wazi: majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho na saini, kurasa kwa kurasa. Nilipokuwa natia saini niliweza kusoma kwamba bibi fulani wa mtaa wetu ametoa laki tatu asubuhi ile. Nilimweleza wakala kwamba ndivyo matapeli wanavyopata nambari, na kwamba wasichana hupigiwa simu na watu wasiowajua kwa sababu ya daftari kama hilo. Hakubishana. Alikata kipande cha boksi, akakitoboa upana wa mstari mmoja, akakiweka juu ya ukurasa. Kazi ya dakika mbili, na haikuhitaji tume.

Wanawake wetu wametangulia hata kabla ya wakala. Katika shughuli zao za harusi, biharusi anapotolewa hadharani na kila mmoja amevaa vya kuvaa mbele ya wanawake wenzake, nyumba nyengine huweka mtu mlangoni wa kukusanya simu, na anayekataa kutoa yake haingii hata kama ni shangazi. Hakuna kifungu walichokisoma. Walitambua kwamba kizingiti cha zamani, kilichomzuia mwanamume kuingia, hakitoshi tena pale ambapo jicho la mwanamume linaweza kuingia katika mkoba wa mgeni, wakakiinua kizingiti.

Kuna na upande ambao mila peke yake haiwezi, nao ni ule wa talaka kwa ujumbe wa simu. Mwanamke anafika kwa kadhi akiwa na maneno matatu katika kioo. Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa, huyahesabu maandishi ya talaka kuwa ni kinaya, yaani hayapitishi talaka mpaka mwandishi awe amenuia. Zamani barua ilikuja na mwandiko wa mume na mchukuzi aliyeweza kuulizwa. Ujumbe wa simu una nambari tu, na simu ya mume huweza kushikwa na ndugu yake, na mke wake mwengine, na fundi. Kadhi hana budi aulize kwanza nani aliandika, kisha alinuia nini, na kwa hilo la kwanza huenda akahitaji kumbukumbu za kampuni ya simu au simu yenyewe ifunguliwe. Hapo ndipo haki mbili zinapokutana: mwanamke huyu ana haki ya kujua kama ameachwa, asikae miezi akiwa si mke wala si mtalaka, na mume ana haki ya kutofunguliwa simu yote kwa sababu ya mstari mmoja. Kwa maoni yangu kadhi aagize mstari ule, saa yake na chombo ulikotoka, na asiruhusu mtu yeyote, hata wakili wa mke, kupekua kilichobaki. Najua wapo masheikh katika ukumbi huu wasiokubaliana nami, na mmoja ameshainua mkono. Adhana ya Alasiri imekaribia. Tukisharudi msikitini yeye ndiye atakayeanza.